Jino la Bibi Lililonyooka Mno

Bibi yangu mzaa mama alichongwa meno ya mbele alipokuwa kigori, kule juu kwenye uwanda wa Wamakonde, na mpaka leo ukimwuliza atakwambia mwaka ule hakukuwa na msichana aliyependeza kumshinda. Meno manne ya juu, kila moja limekatwa pembeni likabaki na ncha. Sisi wajukuu tulikua tukiyaona, tukadhani kila bibi duniani ana meno ya hivyo. Mimi nauza vitenge na khanga sokoni Lindi mjini, na midomo nimeiona ya kila namna ikinibishia mbele ya meza yangu, lakini sijaona mdomo unaocheka kama wa Bibi. Anacheka kichwa nyuma, mdomo wazi, ili kila mtu ayaone vizuri.

Na anaimba. Kwenye ukoo wetu bibi arusi hatoki chumbani mpaka atolewe kwa wimbo. Ni wimbo mrefu wa Kimakonde, wa zamani wa kule uwandani, unamtajia mtoto aliyemzaa, na aliyemzaa aliyemzaa, halafu unamwambia aende salama na akielemewa njia ya nyumbani anaijua. Mwimbishaji ni Bibi. Mama yangu naye aliujua wote, Mungu amrehemu, akaondoka nao. Sisi tuliobaki Kimakonde chetu ni cha kuombea maji, kazi yetu kuitikia tu. Mimi nilitolewa kwa wimbo huo nikalia mpaka wanja ukanifika kidevuni, wala sikuona haya.

Kwa hiyo binti yangu alipochumbiwa na kijana wa Dar es Salaam, la kwanza kuniuliza halikuwa gauni wala ukumbi. Aliniuliza, "Mama, Bibi si ataimba?"

"Asipoimba yeye ataimba nani, redio?" nikamjibu. "Usiniulize maswali ya kipuuzi."

Sasa ndipo Bibi akavunja jino.

Yeye anaishi Kilangala na mjomba wangu. Siku hiyo alikuwa amekaa uani anamenya muwa kwa meno, na umri wake ule, eti kisu kinaharibu utamu. Jino moja la kati, mojawapo ya yale yaliyochongwa, likakatika usawa wa fizi. Hakumwambia mtu. Alijifunika khanga mdomoni akasema ana mafua. Mafua hayo yakakaa mpaka mjomba akaanza kushangaa, na chini kwa chini kile kisiki kilichobaki kikaoza, kikaanza kumpiga maumivu asilale.

Huku kwetu kwenye mikorosho watu wana dawa yao ya jino. Ganda la korosho mbichi lina mafuta meusi yanayobabua ngozi; wanaobangua korosho hujipaka majivu mikononi wasiungue. Basi kuna wanaoamini kwamba tone moja la mafuta hayo likidondoshwa kwenye jino bovu, jino linakufa na maumivu yake yanakufa nalo. Bibi naye akadondosha. Jino halikufa. Mafuta yakatiririka yakambabua fizi na mdomo wote wa juu, na kesho yake mjomba akanipigia simu: "Njoo umchukue bibi yako, uso umekuwa mwingine."

Nilipofika nikamkuta amejifunika mpaka puani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kutoka ndani ya khanga. Nikaivuta ile khanga. Lo! Mdomo umevimba, ngozi inachubuka.

Nikamwakia. "Korosho, Bibi! Unajitia korosho mdomoni!"

"Sikula," akasema. "Nilidondosha."

"Sasa nikupe zawadi kwa kudondosha?"

"Usinipigie kelele, mimi nimemzaa mama yako."

Nilikuwa karibu kulia, na mimi nikikaribia kulia huwa nagomba zaidi. Akanishika mkono. Akaniambia taratibu kwamba harusini hatakuja, nimwombee radhi kwa mtoto. Wimbo ule unaimbwa kichwa juu na mdomo wazi, wanawake wote wanakutazama, na yeye hawezi kusimama mbele ya wakwe akiwa na shimo katikati ya mdomo. Alisema hivyo bila kununa, na hilo ndilo lililonitisha. Bibi akinuna ujue atabadili mawazo.

"Utakuja na utaimba," nikamwambia. "Vaa viatu, twende hospitali."

Daktari wa meno tuliyemkuta alikuwa kijana wa kutoka Kanda ya Ziwa, mpole, mikono yake mikubwa nikajiuliza itaingiaje mdomoni mwa mtu. Akamwamkia Bibi vizuri, akamlaza kwenye kile kiti kinachoshuka chenyewe. Bibi akashika mikono ya kiti kwa nguvu, akamuuliza daktari kitashuka mpaka wapi. Daktari akamulika taa, akatazama, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Pole sana, Bibi. Kumbe na haya mengine matatu yamevunjika."

Bibi akainuka nusu. "Amesema nini huyu?"

"Hayajavunjika, daktari," nikasema. "Yamechongwa. Ni urembo."

"Aah," akasema. Lakini niliona hakuelewa. Alisikia tu.

Siku hiyo hakumgusa jino. Alisafisha pale palipoungua, akampa vidonge vya kutuliza usaha na maumivu, akatwambia turudi uvimbe ukipungua, na kuhusu mafuta ya korosho alimsihi Bibi kwa heshima zote asirudie tena maishani. Tuliporudi, picha ya eksirei ikaonyesha mzizi umezama ndani na umepinda. Hautoki kwa koleo. Itabidi kupasua fizi kidogo, kuutoa, na kushona.

Niliomba nikae ndani. Daktari akanitazama akasema sawa, mradi nikae kimya. Nilijitahidi. Akamchoma ganzi, akasubiri, akamgusagusa Bibi fizi na kuuliza kama anasikia chochote. Bibi akajibu kwamba haoni hata kama ana mdomo. Halafu akafanya kazi yake, na jamani, ile mikono mikubwa ilikuwa na utaratibu! Sikuona anavuta kwa nguvu wala kukunja uso. Muda wote anamwambia Bibi sasa utasikia msukumo, sasa maji yanakuja, sasa tunamaliza. Mzizi ukatoka, akamwonyesha. Bibi akautazama kwa chuki kabisa.

Akamshona, akampa pamba aing'ate, akatoa masharti: leo usisukutue, usiteme mate kwa nguvu, usile cha moto, kuanzia kesho sukutua polepole maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Bibi akaninong'oneza kwa mdomo uliopooza nimuulize kuhusu ugoro. Nikauliza. Daktari akasema ugoro hapana, si leo tu, ni moja kwa moja, unakula fizi. Bibi akajifanya hakusikia vizuri kwa sababu ya ganzi.

Nikadhani tumemaliza, kumbe daktari hakuwa mtu wa kuacha mdomo nusu. Tulipokwenda kutoa nyuzi alimkwangua ugaga uliokuwa umejijenga nyuma ya meno ya chini, akamziba gego moja lililoanza kutoboka kabla halijafika pabaya. Bibi alikuwa na mswaki wake wa mti, anaupigia kila asubuhi na anajivunia. Daktari hakumkataza. Alimwonyesha tu kwamba anasugua mbele panapoonekana na kusahau nyuma, akampa mswaki laini wa dukani ajifunze nao kupiga kuanzia kwenye fizi kushuka chini, na dawa kidogo ya meno yenye floridi. Halafu akanigeukia mimi. "Na wewe mama, lini mara ya mwisho umeangaliwa meno?"

"Mimi siumwi."

"Ndiyo maana nauliza."

Bibi akacheka, akakumbuka pengo, akaziba mdomo haraka kwa kiganja. Kilinichoma kile kiganja. Bibi yangu anaziba kicheko!

Fizi ilipopona daktari akasema atamtengenezea jino la bandia la kuvaa na kuvua, limeshikwa na kipande cha plastiki kinachokaa kwenye kaakaa, juu ndani ya mdomo. Akamtia mdomoni kibakuli cha chuma chenye ujiuji wa waridi ili achukue alama za meno yake. Bibi akakodoa macho na baadaye akadai amelishwa saruji. Alama zikapelekwa kwa fundi wa meno. Harusi ilikuwa Jumamosi, na jino likafika wiki hiyohiyo ya harusi, wakati mimi nimezungukwa na mchele, vitunguu na shangazi wa kila aina wanaoulizia sare. Nikaacha vyote, nikampeleka Bibi.

Daktari alikuwa na furaha mpaka unamwonea huruma. Alilitia jino mahali pake, akasugua kidogo huku na huku lisimbane, akampa Bibi kioo. "Haya Bibi, jitazame."

Bibi akajitazama. Mimi pia nikatazama. Jino lilikuwa zuri, rangi imelingana na meno yake kabisa, limekaa sawasawa. Lakini lilikuwa limenyooka. Pana, la mraba, limeshuka chini kuliko wenzake, limesimama katikati ya yale matatu yenye ncha.

"Hili jino la nani?" Bibi akauliza.

"Lako, Bibi."

"Langu halikuwa hivi. Hili la mtu wa kwenye kalenda."

Akalivua, akaliweka kwenye meza, akafuta mikono kwenye khanga. Akaniambia, "Twende zetu, mjukuu wangu. Siwezi kumtoa mtoto kwa jino la mtu nisiyemjua."

Hapo nilipasuka. Sikumgombeza Bibi, nilimgeukia daktari. Nikamuuliza kama ana macho au ana miwani tu. Nikamuuliza kama yeye fundi akimshonea suruali mguu mmoja kaptura, mmoja mrefu, atavaa. Yeye akasimama pale, mikono mikubwa ikining'inia, akasema alitaka kumpa Bibi jino zima, ndiyo maana alimwagiza fundi wa meno alifanye zima. Akasema kwa sauti ya chini, "Mama, mimi nimesomea kurudisha meno yalivyokuwa. Sikusomea kuyachonga."

"Basi rudisha lilivyokuwa!"

Akalitazama jino pale mezani, akamtazama Bibi. Akavuta kiti akakaa mbele yake, chini yake kidogo.

"Nisamehe, Bibi. Nifundishe. Lilikuwaje?"

Bibi akanitazama mimi kwanza, kama anayeuliza huyu ana utani au vipi. Nikamwashiria aseme. Akaanza kumweleza. Walilazwa kwenye mkeka, kichwa kimebanwa katikati ya magoti ya fundi, kijiti kati ya meno, na fundi anachonga na patasi ndogo, anagonga taratibu, anasimama kutazama, anagonga tena. Mama yake alikaa pembeni anamshika miguu.

"Ganzi?" daktari akauliza.

"Ganzi ndiyo nini? Tulikaa bila kula cha moto wala cha baridi. Hata kupumua kwa mdomo ilikuwa kazi."

"Ulilia?"

"Ningelia nani angenioa?"

Tukacheka wote watatu, na safari hii Bibi alisahau kuziba. Daktari aliliona lile pengo na kile kicheko kwa pamoja, na nadhani hapo ndipo alipoelewa anatengeneza nini. Akasema lakini kuna hatari. Jino ni moja, akikosea akakata kupita kiasi, kilichokatwa hakirudishiki, na lingine halitawahi Jumamosi. Aliniuliza mimi kama akate. Nikasema mdomo si wangu.

"Kata," Bibi akasema.

Akalirudisha jino mdomoni kwanza, akachukua kalamu ya risasi, akachora mstari mwembamba juu yake akifuata la jirani. Akalivua. Akawasha kile kimashine chake kinacholia mlio wa kukera, akakwangua ukingo kidogo, akalivalisha, Bibi akajitazama kwenye kioo. "Bado." Akavua, akakwangua. "Huku imebaki nyama." Akakwangua. Mimi nimesimama ukutani, jasho linanitoka, simu inatetemeka kwenye mkoba kwa sababu shangazi wanataka kujua mchele uko wapi. Nikaizima. Kila kimashine kilipolia niliona wimbo wote uko pale kwenye ncha ya kile chuma.

Mwisho Bibi akajitazama, akageuza uso upande huu na upande ule. Akapitisha ulimi. Akaendelea kujitazama mpaka daktari akaanza kujikuna shingo.

"Fundi wewe," Bibi akasema, na akarusha kichwa nyuma akacheka mdomo wazi, meno manne yenye ncha, hujui yapi yake mwenyewe na lipi la plastiki. Daktari naye akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akakumbuka kazi: livuliwe usiku, lioshwe kwa mswaki na sabuni, lilale kwenye maji safi, na muwa ukatwe kwa kisu. Bibi akaitikia yote. Muwa aliuitikia mwisho na kwa shida.

Jumamosi wakwe wakafika wamechelewa, kwa sababu walisimama Somanga kula samaki wa kukaanga. Sikuwalaumu, na mimi ningesimama. Walikuwa wachangamfu isipokuwa mmoja, bibi yake bwana arusi, aliyemlea tangu mdogo. Mwanamke mzee, mwembamba, amejitanda khanga imepita juu ya midomo yake. Nikamwamkia, akaitikia kwa ndani. Nikamletea pilau, akaitazama, akaipeleka kwa wajukuu. Soda aliinywa amegeukia ukuta. Nikasema moyoni, haya, hawa ndio wale wa mjini, sahani zetu zinamtia kinyaa. Nikamchukia pale pale, nisiwe mnafiki. Nikaapa sitamletea hata maji.

Ndoa ikafungwa. Wanawake tukajaa sebuleni kwangu mbele ya mlango wa chumba cha binti yangu, na Bibi akasimama. Kanyoosha mgongo, kainua uso, kafungua mdomo. Sauti ikatoka nzima, kavu kidogo mwanzoni, halafu ikashika. Sisi tukaitikia. Mlango ukafunguliwa, binti yangu akatokea, ushungi umemfunika, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Mimi wanja wangu ulishaondoka zamani. Bibi akamtaja aliyenizaa, mama yangu, kwa jina lake lote, na hapo sauti ikamkatika. Alijaribu tena, ikakataa. Alikuwa analia. Tukasimama pale kama mazuzu, maana ubeti unaofuata hakuna hata mmoja wetu anayeujua.

Wimbo ukaendelea. Ubeti uliofuata ulisikika, kwa Kimakonde kilichonyooka, kutoka nyuma yangu.

Nikageuka. Yule mwanamke mzee kutoka Dar alikuwa amesimama. Khanga imemwangukia mabegani na hakuiokota. Mdomo ulikuwa wazi, na mle mdomoni yale meno ya mbele yalikuwa yamechongwa, ncha kwa ncha, na mawili hayapo. Aliimba huku anamtazama Bibi, na Bibi akapata sauti yake, wakaupeleka wimbo pamoja mpaka mwisho, wakimsindikiza mtoto mlangoni, mmoja kila upande.

Nikamsikia bwana arusi ananong'ona karibu yangu. "Sijawahi kumsikia bibi yangu akiimba," akasema. "Alituambia kule mjini watu wanamkodolea macho. Hata kula anakula peke yake."

Nilikwenda jikoni nikapakua sahani ya pilau kubwa kuliko zote, nikaja nikamwekea yule mama mbele yake, nikapiga magoti. Alikuwa amekaa mkekani ameshikana mikono na Bibi, wanakwenda kwa Kimakonde hata siwashiki. Bibi alikuwa amevua jino lake, amemwekea mwenzake kiganjani, na yule mama analigeuzageuza, analitazama kwenye mwanga, anapitisha kidole kwenye ile ncha.

Akamwita mwanawe, baba wa bwana arusi, ambaye alikuwa ameanza kukusanya watu kwa safari ya kesho.

"Ninyi tangulieni," akamwambia. "Mimi nabaki hapa mpaka Jumatatu. Nina daktari."